Kiti Kisicho na Skrubu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, niseme haya upesi kabla shangazi yangu hajaingia mlangoni na kapu lake.

Naitwa Nella Hoekstra. Napokea simu katika ofisi ya mabasi ya shule hapa Grand Rapids, Michigan. Basi likikwama kwenye theluji, mzazi hamtukani dereva. Ananitukana mimi.

Tangu Januari kiti changu kinazama. Hakijavunjika, kinazama tu. Silinda yake ya gesi, lile bomba la katikati linalokipandisha na kukishusha, imechoka. Nakipandisha saa mbili asubuhi, na ikifika saa tatu kidevu changu kiko sawa na meza. Njiani kinatoa pumzi ndefu, fyuuu, hata mama mmoja aliniuliza kwenye simu kama nimechoshwa na maneno yake.

Ningecheka, kama si Bi. Vredeveld, msimamizi wetu. Mara tatu kwa siku, saa tatu, saa saba na saa tisa, husimama mlangoni pake na kuhesabu vichwa juu ya zile kuta fupi za kitambaa zinazotenga meza zetu. Akikiona kichwa chako, anakuwekea alama ya vema. Asipokiona, anaandika "hayupo". Aliyesimama hahesabiwi, ni lazima uwe umekaa. Ukifikisha "hayupo" kumi na mbili, unarudisha kitambulisho na kwenda zako.

Mimi ninazo kumi na moja. Zote nilizipata nikiwa nimekaa palepale, simu sikioni.

Siku moja niliinua mkono juu ya ukuta ili anione.

"Mkono si kichwa, Hoekstra," alisema, akaandika.

Niliomba kiti kingine kwa fomu. Jibu lilikuwa: subiri miezi mitatu. Basi nikaagiza silinda mpya mwenyewe, ikafika kwa posta, na hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita: mimi na boksi langu mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani tangu siku zulia liliposafishwa.

"Ni marufuku mfanyakazi kufungua au kutengeneza mali ya ofisi. Atakayebadilisha kiti chake na cha mwenzake, amejifukuza mwenyewe."

Nililisoma mara mbili. Kisha nikampigia simu Shangazi Dena.

Shangazi Dena, dada mkubwa wa baba yangu, alifunga viti kiwandani miaka thelathini na mmoja. Mgongo wake umepinda, lakini ulimi wake bado umenyooka.

"Umefika kumi na moja ndiyo unanikumbuka?"

"Niliona aibu, Shangazi."

"Aibu ya nini? Kiti umekizaa wewe?"

"Ya kukusumbua."

Nilimsikia akimeza kahawa.

"Alhamisi si mna chakula cha kuchangiana hapo ofisini?"

"Ndiyo. Kila mtu analeta chake, na ndugu wanakaribishwa."

"Basi na mimi naleta changu."

Na kweli alileta. Alhamisi saa sita kamili alisukuma mlango kwa nyonga, theluji mabegani, kapu mikononi. Juu ya kapu kulikuwa na mikate midogo ya nyama ya nguruwe na jibini, iliyopakwa siagi mpaka inang'aa, ile ambayo kwetu isipokuwepo, mazishi hayajakamilika.

Duane wa meza ya tatu ndiye aliyewahi. Duane huwahi kila kitu isipokuwa simu.

"Lete nikubebee, mama. Khaa! Mbona kapu zito hivi?"

"Mimi sipiki mikate myepesi," Shangazi alisema, akalivuta kapu lake.

Duane alichukua miwili, akanigeukia akitafuna. "Nella, leo umezama au unaelea?"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu, kama kawaida yangu.

Chini ya mikate, ndani ya taulo, kulikuwa na spana kubwa ya mabomba, nyundo ya mpira, kopo la mafuta ya kulegeza kutu, na silinda yangu mpya.

Aliyejua siri hiyo alikuwa mtu mmoja tu, Marcy Pluta wa meza ya kumi na nne, jirani yangu. Mimi ni kumi na tano. Marcy ana watoto watatu na moyo mwepesi. Januari, asubuhi baada ya zulia kusafishwa, nilipokikuta kiti nisichokijua mezani pangu, yeye ndiye aliyenieleza kwamba changu kimepelekwa kutengenezwa na hiki kimetoka stoo. Nilipoanza kuzama, yeye ndiye aliyeniletea mto wa kukalia, mto wa kochi lake mwenyewe, wenye maua ya njano.

"Nendeni," alininong'oneza kwenye foleni ya chakula. "Mimi nitamshika Bi. Vredeveld hapa kwenye saladi ya viazi. Nitamuuliza habari za paka wake. Akianza, hamalizi kabla ya saa saba."

"Na akimaliza?"

"Ana paka wawili."

Nilitaka kumkumbatia.

Ukumbi wa simu ulikuwa mtupu. Wakati wa chakula mashine ndiyo inayopokea. Shangazi alivua koti, akalitupa juu ya meza yangu, akakitazama kiti kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani.

"Kipindue."

Nikakipindua. Miguu yake mitano yenye magurudumu ikaelekea juu. Nikapiga magoti na kuanza kuchungulia, huku na huku, chini ya kila mguu, kuzunguka bomba.

"Unatafuta nini?"

"Skrubu."

Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. "Kila aliyesoma chuo anatafuta skrubu! Kiwandani walituletea mainjinia, wavulana wazuri, mashati meupe. Nusu saa wapo chini ya kiti wanatafuta skrubu."

"Sasa bomba limeshikwa na nini?"

"Na wewe."

"Mimi?"

"Tazama. Bomba limechongwa, huku nene, kule jembamba kidogo. Na tundu lake hivyohivyo. Ukikaa, unalisukuma ndani. Kadiri unavyokaa ndivyo linavyobana. Hakuna skrubu, hakuna gundi. Uzito wako ndio skrubu. Haya, piga."

Nikapiga kwa nyundo ya mpira katikati ya ile miguu, pale ilipoungana. Pigo la kwanza lilikuwa la mtu anayeomba radhi.

"Unakibembeleza? Kiti hicho kinataka kukufukuzisha kazi. Piga!"

Nikapiga kwa ajili ya "mkono si kichwa". Nikapiga kwa ajili ya Duane. Miguu ikachomoka na kubingirika hadi meza ya kumi na sita.

"Sasa umeanza kuongea," Shangazi alisema.

Upande wa pili, pale linapoingia chini ya kiti, bomba lilikuwa limeganda. Tulipuliza mafuta. Shangazi aliniambia nifute vumbi kabla ya kubana spana, maana spana huteleza penye uchafu. Nikafuta kwa kona ya taulo, vumbi la miaka, likitoka kama sufi.

Chini ya vumbi kulikuwa na karatasi ndogo ya gundi. Juu ya karatasi kulikuwa na namba, ile ya meza ya mwenye kiti.

14.

Nilifuta tena, nikidhani nne ni tano iliyochakaa. Ilikuwa nne.

"Mbona umekauka?" Shangazi aliuliza.

"Hiki kiti hakijatoka stoo."

"Kimetoka wapi?"

Nilinyoosha kidole ng'ambo ya ukuta wa kitambaa, meza ya kumi na nne. Pale palikuwa na kiti kizuri kilichosimama wima, sweta la Marcy limetandazwa juu yake tangu Januari, ofisini kuwe na joto au baridi. Shangazi hakuuliza ruhusa. Alizunguka, akakiinamisha kiti kile, akachungulia chini.

"Kumi na tano," alisoma.

Nakiri mbele yenu: sikulia. Mimi ninayelia nikiona mbwa amefungwa nje ya duka. Nilishika spana kwa mikono miwili, nikaning'inia nayo, nikaizungusha. Bomba lile la zamani likalia kama mlango wa ghala, likatoka.

"Usilipige wala usilitoboe," Shangazi alisema. "Ndani bado kuna gesi, limechoka lakini lina hasira. Lifunge kwenye taulo, weka kapuni." Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, unajua umeshika nini? Hizo kumi na moja si zako. Mwonyeshe huyo mama yenu hiyo namba, na zote zinafutwa."

"Na Marcy?"

"Marcy alijua alichokuwa anafanya."

Nikafungua boksi. Shangazi aliitoa silinda mpya, akaipima kwa macho, akaipima kwa mkono, akanitazama.

"Wewe ulipima nini?"

"Kutoka sakafuni hadi chini ya kiti."

"Ole wangu. Silinda hupimwa yenyewe, ikiwa nje. Hii ni ya wale wanaochora ramani kwenye meza zilizoinuka juu. Miguu yako itaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa."

"Kichwa changu kitaonekana?"

"Kichwa? Wataona mpaka mkanda."

"Basi iweke."

Nilinyoosha mkono kuishika pale kwenye ncha nyembamba. Shangazi akanipiga kofi la vidole.

"Una siagi! Umekula mkate, umeshika chuma! Ukipaka mafuta hapo hakitabana milele. Chuma kwa chuma, kikavu."

Alikuwa ameshakausha tundu la kiti, sasa anafuta ncha kwa blauzi yake mwenyewe, Marcy alipoingia mbio, bakuli la saladi ya viazi bado mkononi.

"Anakuja! Paka wote wawili wameisha!"

Saa ya ukutani ilionyesha dakika tatu kabla ya saa saba.

Shangazi alisukuma silinda kwenye tundu la miguu, akakishusha kiti juu yake. Mimi nilibaki nimepiga magoti, nikimtazama Marcy.

"Marcy, meza yako ni ya ngapi?"

Tabasamu lilimtoka kidogokidogo. Alitazama mafuta na vumbi mikononi mwangu, akatazama sweta lake lililoanguka sakafuni.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Nilikuwa na kumi na moja, Nella. Toka Oktoba. Mume wangu Ray amesimamishwa kazi, watoto ni watatu. Wewe ulikuwa mgeni, huna hata moja. Nilijua utalalamika wakupe kingine. Watu hulalamika!"

"Mimi silalamiki."

"Nilikuja kujua baadaye." Sauti ilimkatika. "Nilikuletea mto. Sikuwa na kingine cha kukupa."

"Ulikuwa na kiti changu."

Alikwenda mezani pake, akakaa kwenye kiti changu, akaweka bakuli la viazi mapajani kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari.

"Kaa!" Shangazi alifoka. "Ruka ukae, kwa uzito wote!"

Nikaruka. Mle ndani kitu kikasema "tko". Nikajiinua kidogo, nikavuta kijiti cha pembeni, na kiti kikaanza kupanda. Kikapita ukingo wa meza. Kikapita simu. Kikapita ukuta wa kitambaa. Kilipotulia, viatu vyangu vilikuwa hewani, na mimi niliona ukumbi mzima, hadi mashine ya kahawa ya upande wa pili, kwa mara ya kwanza tangu Januari nikiwa nimekaa.

Wenzangu waliingia wakipangusa midomo. Duane akasimama ghafla.

"Mungu wangu. Amefufuka."

Bi. Vredeveld alisimama mlangoni pake na ubao wake wa karatasi. Ni mwanamke mwembamba, nadhifu, ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Kalamu yake ilianza meza ya kwanza. Moja, yupo. Mbili, yupo. Ilifika kumi na nne. Yupo. Akainua macho kwenda kumi na tano, na macho yakalazimika kupanda zaidi.

"Hoekstra," alisema polepole. "Yupo."

Alama ya vema. Naapa niliisikia kalamu ikikwaruza.

Ningeweza kuishia hapa, wapenzi wasomaji, mkalala vizuri. Lakini Duane alikuwa na njaa.

Alilikuta kapu la Shangazi kando ya ukuta wangu, akatia mkono chini ya mikate iliyobaki. Mkono ulitoka na taulo, na taulo likafunguka, na ndani yake kulikuwa na bomba jeusi linalochuruzika mafuta.

"Mama," alisema Duane kwa sauti ya ukumbi mzima, "huu mkate mmeuoka kwa unga gani?"

Hakuna aliyecheka. Bi. Vredeveld alikuja, hatua moja moja, akalitazama bomba, akamtazama Shangazi, akaitazama miguu yangu inayoning'inia.

"Hiki kimetoka kwenye kiti kipi?"

"Mimi ndiye fundi," Shangazi aliwahi. "Nilaumu mimi. Miaka thelathini na mmoja kiwandani, sijawahi kurudishiwa kiti."

"Mama, sijakuuliza wewe. Hoekstra?"

"Changu," nikasema.

"Umefungua mali ya ofisi."

"Nimeitengeneza."

Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Ilikuwa imetoka juu, ndiyo sababu labda.

Bi. Vredeveld alifungua karatasi mpya kwenye ubao wake. "Nitaandika ripoti. Kila kiti kina namba yake chini. Simama nikipindue, niisome."

Nilichohitaji ni kusimama tu. Sikuhitaji kusema jina la mtu wala kunyoosha kidole. Kiti kingesema chenyewe: kumi na nne. Kumi na moja zangu zingefutwa zote, na mtu mwingine angekabidhi kitambulisho jioni hiyohiyo.

"Simama, mwanangu," Shangazi alininong'oneza.

Nakiri: nilianza kuinuka. Mikono yangu ilishabana mikono ya kiti, mgongo ulishaacha egemeo. Kutoka kule juu nilimwona Marcy vizuri, utosi wake, mahali nywele zimeanza mvi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama viazi.

Sikumsamehe. Naomba msome hilo vizuri, maana najua mtaniandikia barua. Hata leo sijamsamehe. Lakini nilipomtazama nilimwona mtu aliyekuwa anazama toka Oktoba, kama mimi, kwenye kiti hikihiki, akiinua mkono ambao si kichwa. Na aliyekuwa akiandika si Marcy.

Nikakaa tena. Kwa uzito wote.

"Sisimami," nikasema.

"Unasemaje?"

"Umenitafuta tangu Januari, Bi. Vredeveld. Nipo. Nimekaa. Andika."

Duane alitoa mluzi mdogo, akaumeza.

Mashavu ya Bi. Vredeveld yaliota madoa mekundu mawili. Hakupaza sauti. Alirudisha ile karatasi ya vichwa juu, akaweka ncha ya kalamu penye jina langu, palepale penye alama ya vema ambayo wino wake haujakauka.

"Nitahesabu tatu. Usiposimama, naifuta hii, naandika ya kumi na mbili."

"Hesabu," nikasema. "Ndiyo kazi yako."

Shangazi Dena alivuta pumzi. Simu yangu ikaanza kulia, basi la mtu limekwama mahali, na sikuinua. Nilishika mikono ya kiti na kujikandamiza chini, chini zaidi, chuma kwa chuma, kikavu. Safari hii hakikutoa pumzi. Hakikushuka hata unywele.

"Moja," alisema Bi. Vredeveld.

Simu ikalia.

"Mbili."

Na hapo, upande wangu wa kushoto, bakuli la saladi likaanguka kwenye zulia, na juu ya ukuta wa meza ya kumi na nne kichwa kimoja kikaanza kuinuka.